Vituo Vyote vya Mzee Wenzel

Baada ya kumzika baba yangu huko Nyaramba, wanawake wa kikundi chetu cha kanisa mjini Kisii walikuja nyumbani kwangu kunipa pole. Chai ilipokwisha, mmoja wao, Mama Achieng', ambaye kwao ni upande wa ziwa na hajui kulizunguka jambo, akaniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa rohoni tangu siku ya mazishi. "Dada Kemunto, wewe ni nesi miaka hii yote. Umeosha wagonjwa wa watu mpaka mikono imechakaa. Mbona baba yako alipokuwa anaogeshwa ulikuwa unasimama nje ya mlango?" Wale wenzetu Wakisii waliinamia vikombe vyao. Nilimjibu kwamba ni desturi yetu, akasema aa, kumbe, tukahamia habari nyingine. Nilimjibu ukweli, lakini ulikuwa ukweli wa mlangoni tu. Jibu lenyewe ni refu, linapitia mji wa Leipzig huko Ujerumani, na ndani yake mna kosa nililolitenda nikiwa na miaka ishirini na miwili na kulificha nusu ya maisha yangu.

Kwanza nieleze hiyo desturi, maana bila hiyo hakuna kisa. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Mtu wa haraka atakitafsiri kuwa ni haya, lakini haya humtoka mtu akizoea, na ensoni haitoki. Ni heshima yenye mpaka kati yako na baba yako, na kati yako na kila mtu wa rika la baba yako: kuna maneno husemi mbele yake, kuna chumba chake huingii, na mwili wake huuoni kamwe. Kwa babu hakuna mpaka huo. Babu atakuita mke wake, utamcheka upara wake, na akiugua unaweza kumwogesha huku mkitaniana. Mtoto wa Kisii hafundishwi haya darasani, anayanyonya na maziwa. Mimi niliondoka nayo nyumbani nikayavusha mipaka yote, na hakuna aliyeniuliza kwenye uwanja wa ndege kama nilikuwa na kitu cha kutangaza.

Kanisa letu lilikuwa na urafiki na kanisa moja la Leipzig, na kila mwaka kijana mmoja alipelekwa huko kujitolea. Ya kuchaguliwa kwangu nayaacha, hayana utamu. Nilipewa chumba mtaa wa Reudnitz, ghorofa ya tatu, chenye jiko la vigae vya rangi ya kahawia lililolishwa makaa ya mawe, na dirisha lililoangalia ua. Karibu na hapo palikuwa na kiwanda cha bia, na asubuhi upepo ukigeuka mtaa mzima ulinuka kimea, harufu ile ile ya wimbi uliooteshwa na kukaangwa kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na pombe hiyo haikukanyaga kwetu, lakini kwa jirani ilipikwa, na mimi nilikuwa nakaa kitandani Reudnitz nikivuta harufu ya jirani yetu wa Nyaramba hadi machozi yananitoka. Nasema wazi kwamba nilikuwa na hofu tangu siku ya kwanza. Niliogopa lugha, niliogopa ngazi zenye giza, na zaidi ya yote niliogopa kurudishwa kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limenisindikiza kwa nyimbo, na aliyesindikizwa kwa nyimbo harudi kimya kimya.

Kazi ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na jiko, na mkubwa wetu alikuwa Bi Krause, mwanamke mrefu aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Ukutani alikuwa ametundika ramani kubwa ya mji iliyochomwa pini za rangi. Pini ya bluu ilikuwa mzee wa kununuliwa chakula, kupikiwa na kupigwa gumzo. Pini nyekundu ilikuwa mzee wa kuogeshwa. Mimi nilipewa za bluu peke yake, nikashukuru Mungu bila kumwambia mtu sababu. Moja ya pini zangu ilikuwa Plagwitz, mtaa wa viwanda vilivyofungwa, ambako miti ilikuwa imeota juu ya mapaa na madirisha hayakuwa na vioo. Huko, ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti, aliishi Mzee Wenzel, dereva wa tramu mstaafu wa miaka themanini na moja.

Magoti yalikuwa yamemsaliti, na kwa miaka miwili hakuwa ameshuka ngazi. Alikuwa na jiko dogo, chumba kimoja, na kiti kilichowekwa dirishani ili aione tramu ikipita chini. Hakuhitaji hata kuiona. Aliposikia vyuma tu alijua kama ni gari la zamani au jipya, na kama dereva amechelewa. "Dakika tatu," alikuwa anasema katikati ya maneno mengine. "Huyo atapigiwa kelele Lindenau." Mimi nisingeweza kumwita kwa jina mtu mwenye mvi, na lile neno la Kijerumani la kumwita bwana niliona ni la polisi. Siku ya kwanza nikamwamkia kama nilivyozoea kwetu: Tata. Akaniuliza maana yake, nikamwambia ni baba. Akalirudia mara mbili, polepole, akaonekana kupendezwa. Mwanawe mmoja alikuwa mbali na hakupiga simu mara nyingi. Mimi nilitoka pale nikijiona binti mwenye adabu. Sikujua kwamba kwa neno hilo moja nilikuwa nimejenga ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na mtu ambaye siku moja angenihitaji.

Yeye ndiye aliyenifunza mji. Kila Ijumaa, nikimpikia viazi na kuvipakulia pamoja na maziwa mgando na mafuta ya kitani, chakula ambacho hata leo nikikikumbuka natamani, alinipa kazi ya Jumamosi. "Nenda Gohlis. Panda hapa chini, usishuke mjini, endelea. Ukiona nyumba zinaanza kujitenga na barabara, shuka. Uniambie kama bado kuna duka la mikate kwenye kona." Nilikwenda Gohlis, nikakuta nyumba zenye bustani na kengele za shaba, kimya kama siku ya Sabato, na bibi mmoja langoni mwake akaniuliza mara tatu namtafuta nani. Duka la mikate lilikuwa limegeuka ofisi ya wakili. Jumamosi nyingine alinituma Connewitz, kwenye kuta zilizoandikwa kila mahali na vijana wenye mbwa wakubwa wanaolala barabarani bila kumdhuru mtu. Nyingine Grünau, pembeni kabisa mwa mji, maghorofa ya zege yaliyopangwa hadi macho yanachoka. Huko mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo kwenye roshani alinisalimu kabla sijamsalimu, na kwa miezi yote iliyotangulia hakuna mtu wa barabarani aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Mzee Wenzel hakufurahia habari hiyo. "Grünau ndiko waliko na nyumba ya wazee," alisema. "Ghorofa ya sita, na dirisha linaangalia maegesho ya magari. Nikipelekwa kule sitasikia tramu. Nitakuwa nimekufa, ila watakuwa bado wananilisha."

Mji ule haukuwa salama kwangu kila mahali, nisidanganye. Mwezi wa kumi na moja, kituoni, vijana watatu walionyoa vichwa walinizunguka, na mmoja akatema mate karibu na kiatu changu, akasubiri aone nitafanya nini. Sikufanya kitu. Tramu ilikuja, nikapanda, nikatetemeka hadi Plagwitz. Mzee Wenzel alinisikiliza bila kunikatiza, uso umemwiva. Kisha akaniambia, "Siku zote keti nyuma ya dereva. Dereva ana kioo. Mimi nilikuwa naangalia kioo kile kuliko barabara." Tangu hapo niliketi nyuma ya dereva, na hata leo nikisafiri kwenda Nairobi huwa natafuta kiti hicho.

Yote niliyoyaona mitaani nilimwandikia baba. Ndugu yangu alinijulisha kwamba barua zangu zilikuwa zinasomwa kwa sauti kwenye kituo cha kununulia majani chai, wakati watu wanasubiri lori, na kwamba wazee walikuwa wamechukua upande: wengine waliitetea Grünau, wengine walisema heri Gohlis, angalau kuna bustani. Baba aliwaambia binti yake anafanya kazi katika ofisi ya kanisa. Mimi ndiye niliyemwacha aamini hivyo. Sikuwa nimemwogesha mtu yeyote, lakini nilijua nafanya kazi mahali ambapo watu wanaogeshwa, na hilo tu lilitosha kunifunga mkono nilipofika kwenye mstari wa kueleza kazi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, barabara zikiwa barafu tupu, mwenzetu aliyekuwa anamwogesha Mzee Wenzel aliteleza akavunjika mkono. Bi Krause hakuwa na mtu. Aliniita mbele ya ramani, akachomoa pini yangu ya bluu ya Plagwitz, akaniachia ile nyekundu ya mwenzetu iliyokuwa kando yake. "Wewe anakupenda," alisema. "Nitakuonyesha wiki hii namna ya kufanya, kisha utaendelea." Akanionyesha ofisini, kwa mdoli mkubwa wa plastiki wa kufundishia. Unapima maji kwa kiwiko, unaanza na uso, unamwambia mgonjwa kila unapokwenda kabla ya kumgusa, unafunika sehemu uliyoimaliza. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mdoli hakuwa baba wa mtu. Na kabla sijatoka akaongeza kwamba mwisho wa mwezi wa pili angekuja mkaguzi wa serikali kuamua kama Mzee Wenzel aendelee kuishi kwake au apelekwe Grünau.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta amekaa kitini, shati limefunguliwa vifungo viwili, taulo magotini, anajitahidi kuangalia dirishani ili asinione nikimwona. Nilileta beseni. Nilimwosha uso. Nilimwosha mikono, nikapiga magoti nikamwosha miguu, kwa sababu miguu hata Biblia imeiruhusu. Kisha mikono yangu ikakataa. Najua watu wanavyosema mwili uligoma, wakiwa na maana ya uchovu, lakini mimi nasema nilichokiona: vidole vilisimama juu ya kifungo cha tatu cha shati na havikushuka. Nilimwona baba yangu, kofia kichwani, amesimama kwenye mlango wa jiko lile la Plagwitz. "Basi, Tata," nikasema. Mzee Wenzel akaniangalia, akafunga vifungo vyake mwenyewe, polepole. Kwenye meza kulikuwa na karatasi ya huduma. Palipoandikwa kuoga mwili mzima, nikatia alama ya vema na jina langu. Kalamu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokumbuka.

Nilifanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na baadaye sikuhesabu. Kila asubuhi nilijiapiza kwenye ngazi kwamba leo, na kila asubuhi nikaishia miguuni. Siku moja nikiwa jikoni ofisini nilimsikia Bi Krause chumba cha pili akimwambia mtu kwenye simu kwamba yule msichana wa Kenya ni hodari, hajawahi kuchelewa, karatasi zake ni safi. Nilikuwa natafuna mkate, nikaushikilia mdomoni bila kuumeza. Mzee Wenzel naye hakusema kitu. Aliendelea kunituma mitaani, lakini Ijumaa alianza kubakiza viazi, na alipokaa aliegemea upande mmoja. Palikuwa na harufu ambayo siyo ya chakula. Niliisikia, nikafungua dirisha. Leo ningempa kibao mwanafunzi wa uuguzi ambaye angesikia harufu hiyo akafungua dirisha.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wiki moja kabla ya mkaguzi, Bi Krause alikuja Plagwitz bila kutoa taarifa. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Aliniamkia, akaingia chumbani, akafunga mlango, nikasikia kiti kikisogezwa na Mzee Wenzel akitoa sauti fupi ya maumivu. Nyumba zile za zamani kuta zake ni nyembamba, na kila neno lilinifikia.

"Hiki kidonda kina siku nyingi," alisema Bi Krause. "Nani anakuogesha?"

"Hakuna."

"Karatasi inasema unaogeshwa kila siku."

"Nilimkataza msichana," alisema Mzee Wenzel. "Nilimwambia aandike hivyo. Sitaki mtu anishike. Yeye hana kosa."

Nilikuwa na kiazi mkononi, nusu kimemenywa. Nafuu iliyonipitia ilikuwa kubwa, na siwezi kujisingizia utakatifu, niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeokoka. Nilipumua. Halafu nikamsikia Bi Krause akisema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayesaini karatasi, "Kama unakataa kuogeshwa, Mzee Wenzel, basi huwezi kuishi peke yako. Nitalazimika kumwambia mkaguzi. Kule Grünau watakuwa na watu wa kutosha." Mzee hakujibu. Chini tramu ilipita, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kama imechelewa.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wa uuguzi ninaowaelekeza wodini ni lini niliamua kuwa nesi, na huwa nawapa jibu la kupendeza kuhusu wito. Ukweli ni kwamba niliamua na kiazi mkononi, na sikuamua kwa ushujaa, niliamua kwa sababu nilishindwa kustahimili kile kimya. Nilifungua mlango. Mzee Wenzel alikuwa amelala ubavu, amefunikwa shuka, uso ukutani. Nilimwambia Bi Krause kwamba mzee anasema uwongo. Nilimwambia kwamba hakunikataza kitu, kwamba mimi ndiye sikumwogesha hata siku moja, na kwamba alama zote zile ni za uwongo na ni zangu. Kijerumani changu kilivunjika vunjika, lakini hayo yalieleweka.

Bi Krause alivua miwani akaiacha ining'inie. "Kwa nini?" aliuliza. "Unamwona mchafu?"

Swali hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga. Nikaanza kueleza. Nilieleza ensoni kwa lugha ambayo haina neno hilo, nikieleza nini binti hawezi kukiona kwa baba yake, na kwamba mimi nilimwita baba, na neno likishatoka limetoka. Bi Krause alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya stesheni ya mbali. Aliposema, alisema kwamba anaheshimu mila za kila mtu, lakini mzee ana kidonda, na kwamba ningefungasha mizigo wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuona uwanja wa kanisa letu, watu waliotayarisha nyimbo, na baba akishuka kilima cha kituo cha chai bila barua mkononi.

Ndipo Mzee Wenzel alipozungumza, bado ameelekea ukutani. "Baba yako ana miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili, Tata."

"Na huko kwenu, nani anaruhusiwa kumwogesha mzee?"

Nikafikiri. "Mke wake. Au wajukuu."

"Wajukuu wa kike pia?"

"Pia. Babu hana ensoni na mjukuu. Wanataniana."

Nikaona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Miaka hamsini na miwili," alisema. "Mimi wakati huo nilikuwa bado naruka kwenye tramu ikitembea. Msichana, mimi ni mkubwa wa kutosha kumzaa baba yako. Umekosea hesabu tangu siku ya kwanza, na umenitesa mwezi mzima kwa sababu ulitaka kunipendeza kwa kunifanya kijana."

Sijui kama mtu wa nje anaweza kuelewa kilichotokea kifuani mwangu. Alikuwa amesema kweli. Hakuna mtu wa Nyaramba ambaye angemwita Tata mtu wa umri ule, angemwita Sokoro, yaani babu. Mimi kwa woga wa ugeni nilikuwa nimenyakua neno la heshima lililokuwa karibu, sikuangalia rika. Kosa ambalo hata mtoto wa kwetu wa miaka mitano halifanyi. Nilikaa sakafuni nikalia kwa aibu na kwa nafuu, vyote kwa pamoja, na Bi Krause, ambaye hakuelewa kitu, alimwangalia mzee, akaniangalia mimi, akaangalia kidonda. Mwisho alisema atanipa wiki moja. Mkaguzi akija akute kidonda kimeanza kufunga. Kisipofunga, mzee anakwenda Grünau na mimi nakwenda kwetu. Alisema atakuwa anakuja kila asubuhi kuangalia, na alikuja.

Kesho yake nilileta beseni. Nilipima maji kwa kiwiko, nikayamwaga, nikachemsha mengine. "Bwakire, Sokoro," nikamwamkia, nikakunja taulo mara mbili bila sababu, maana neno jipya halibomoi ukuta kwa siku moja. Yeye aliona. Nilipofika kifungo cha tatu aligeuza uso dirishani, akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti ya kazi, ile ambayo nadhani abiria wa miaka thelathini walikuwa wameizoea: "Plagwitz. Milango inafungwa." Nikafungua kifungo. Nilipofika kifuani akasema Lindenau. Mgongoni, Waldplatz. Nikimgeuza, alitangaza stesheni kuu, na kwamba tutasimama hapo muda mrefu kidogo kwa sababu abiria ni wengi, na hapo ndipo penye kidonda, nami nikakisafisha kama nilivyofundishwa, polepole, huku yeye ameuma meno. Tulipofika miguuni tulikuwa Gohlis. "Mwisho wa safari," alisema. "Shukeni wote, msisahau mizigo." Nikacheka, na nilipocheka ndipo nilipojua kwamba mikono yangu imefanya kazi yote na baba yangu hakutokea mlangoni.

Tulikwenda safari hiyo kila asubuhi. Siku ya nne Bi Krause alisema kidonda bado, nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi nikiomba kwa Kikisii. Siku ya saba, mkaguzi, bwana mdogo mwenye mkoba, aliangalia, akaandika, akamwuliza mzee kama anaridhika na huduma. Mzee Wenzel alimwambia kwamba msichana ana makosa yake, hasa anaweka chumvi nyingi, ila apewe nafasi ajirekebishe. Mkaguzi akaandika hilo pia. Bi Krause alinishika bega tulipokuwa tunashuka ngazi, na karatasi zangu aliendelea kuzikagua moja moja hadi siku ya kuondoka, jambo ambalo sikumlaumu. Nilimaliza mwaka wangu. Mzee Wenzel alikaa kwenye dirisha lake miaka mingine miwili, mwanawe akaniandikia alipofariki. Mimi nilirudi nikasomea uuguzi, na baba alilipokea hilo kwa furaha. Kuhusu ofisi ya kanisa hakuniuliza, nami sikumsahihisha.

Kisha miaka ikapita yote hiyo, na mwaka jana baba akashindwa kusimama. Mama alikuwa ametangulia zamani. Mimi ningeweza kumpata nesi wa kulipwa kutoka mjini, lakini baba alikataa mgeni, na mimi sikuwa na haki ya kuvuka mlango ule. Aliyekuwa na haki ni Moraa, binti yangu wa miaka ishirini na minne, anayefanya kazi ya kompyuta mjini Kisii na ambaye hajawahi kumwosha hata paka. Alikuja kila Jumamosi na kila Jumapili, na siku za kazi alikuja binamu yake. Jumamosi ya kwanza nilimpa beseni, nikasimama nje ya mlango wa mbao, nikaanza kumwelekeza. Mvua ya alasiri ilikuwa inaanza kupiga mabati, ikabidi nipaze sauti.

"Weka kiwiko ndani ya maji. Yakichoma, ongeza baridi."

"Nimeweka, Mum. Hii maji iko sawa."

"Anza na uso. Mwambie kila unapokwenda kabla hujamgusa. Ukimaliza mahali, pafunike."

Nilimsikia baba akimtania, mke wangu mdogo amekuja, leo nitaoga kama bwana harusi, na Moraa akicheka kwa wasiwasi. Kisha kicheko kikakatika. Nilijua amefika kwenye vifungo. Nilijua kile kimya, nilikuwa nimekisikia Plagwitz kutoka upande wa pili. "Mum," aliita, sauti imepungua. "Siwezi. Nashindwa nianzie wapi."

Niliegemeza paji la uso kwenye mbao. "Taja vituo," nikasema. "Unapokuja kutoka mjini, unapita wapi na wapi? Vitaje kwa sauti, kimoja kimoja, huku unaendelea. Sokoro atakusaidia."

Kisha nikamsikia, taratibu, "Kisii. Nyakoe." Na baba, ambaye katika maisha yake alikuwa ameitembea njia ile kwa miguu kabla haijawekwa lami, akamsahihisha kwamba ameruka daraja. Wakaendelea hivyo, wakibishana, maji yakimwagika kwenye beseni, hadi Moraa aliposema kwamba wamekaribia. Akapaza sauti: "Lakini Mum, hii kitu ulifunzwa wapi? Hii si ya hospitali."

Ningeweza kumjibu baadaye, jikoni. Baba alikuwa anasikia kila neno, na ukuta kati yetu ulikuwa mbao za inchi moja tu. Nilisema, kwa sauti ya kutosha kusikika kwenye mvua, kwamba nilifunzwa Leipzig na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa tramu. Kwamba sikufanya kazi katika ofisi yoyote ya kanisa. Kwamba nilikuwa namwogesha mzee huyo mwili mzima, na kwamba mwanzoni nilimwacha hadi akapata kidonda kwa sababu nilimwita Tata, na baba asamehe, sikuweza kumwandikia.

Mvua ilipiga mabati. Nilisubiri nikitazama msumari mmoja kwenye mlango, na nilisubiri muda mrefu.

"Kemunto," baba aliita.

"Naam, Tata."

"Huyo mzee. Maji yake yalikuwa moto?"

"Yalikuwa moto, Tata."

"Basi ni vizuri," alisema baba, na akamwambia Moraa aendelee, bado kulikuwa na miguu.